Barua ya wazi kwa wasimamizi wa viuatilifu: anzieni dukani, msianzie mgongoni kwa mkulima

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Kilimo,
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA),
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam,
Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na Manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni.

YAH: DAWA ZA KUPIMA KWENYE VICHUPA NA AFYA YA WAKULIMA WA MBOGA DAR ES SALAAM

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mkulima wa mchicha, matembele na figili katika bonde la Mto Kizinga, Wilaya ya Temeke. Mboga zangu zinaliwa Mtoni, Tandika na Mbagala, na mara nyingine zinafika Kariakoo kabla jua halijachomoza. Nimelima hapa tangu nilipoolewa, na matuta haya ndiyo yaliyosomesha wanangu. Ninayoyaandika nayaishi.

Kila linapozungumzwa suala la dawa za kuua wadudu kwenye mboga, maneno ni yale yale: mkulima aelimishwe, mkulima avae glovu na barakoa, mkulima asome lebo. Likitoka tangazo redioni, anaambiwa mkulima. Ikija semina, anaitwa mkulima, anapewa soda na kalamu, anaambiwa avae gambuti. Elimu siikatai, na waliotufundisha nawashukuru. Lakini hatari inayotuumiza inaanza kabla dawa haijafika mikononi mwetu. Inaanzia kwenye kaunta ya duka la pembejeo na inaishia kwenye chumba cha daktari asiyejua mgonjwa wake amepata sumu gani. Kote huko mkulima hana mamlaka. Mamlaka mnayo ninyi.

Nieleze kwanza dawa inavyonunuliwa huku mabondeni, maana nahisi wengi wenu mnafikiri mkulima anatoka dukani na chupa iliyofungwa kiwandani.

Mkulima wa bondeni ana matuta kumi au kumi na tano. Mwenye nafasi ana thelathini. Asubuhi anakuta viwavi wametoboa majani, au vidukari wamejaa chini ya matembele. Anapanda juu barabarani hadi duka la pembejeo. Chupa ya lita moja haiwezi. Hata ile ya mililita 100 inamshinda siku ambayo mchuuzi bado hajamlipa. Basi anasema, "Nipimie ya elfu mbili." Muuzaji anatoa chupa kubwa iliyokwisha kufunguliwa chini ya kaunta, anamimina kidogo kwenye kichupa kitupu cha maji ya kunywa, anafunga kifuniko, anakifuta kwa kitambaa, na anatoa maelekezo: "Kifuniko kimoja kwa bomba. Wakizidi, weka viwili." Bomba ni ile pampu ya kupulizia dawa inayobebwa mgongoni. Semina ya mkulima imeishia hapo. Lebo imebaki dukani, na kichupa kinaondoka kikiwa hakina jina.

Kwenye lebo hiyo kulikuwa na jina la kiambato chenye sumu, zao linaloruhusiwa, kipimo, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na maelezo ya huduma ya kwanza mtu akidhurika. Kulikuwa pia na utepe wa rangi chini yake, unaofuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani: nyekundu kwa sumu kali zaidi, njano kwa sumu ya wastani, bluu kwa ile iliyopungua ukali, na kijani kwa zile ambazo hazitarajiwi kuleta madhara ya ghafla zikitumiwa inavyotakiwa. Utepe huo uliwekwa ili umsaidie hata bibi asiyejua kusoma. Kwenye kichupa cha maji hauonekani. Kinachoonekana ni kimiminika cheupe au cha njano chenye harufu kali, ndani ya chombo ambacho mtoto yeyote wa Dar es Salaam amefundishwa kwamba ni cha kunywea.

Naomba tukae kidogo kwenye suala la kipimo, kwa sababu ndipo ninapoona mkulima anaonewa zaidi. Tuseme amejitahidi, amenunua chupa yenye lebo, na lebo imeandikwa lita moja kwa hekta. Hekta ni mita za mraba 10,000. Tuta langu la mchicha lina upana wa mita moja na urefu wa mita kumi, yaani mita za mraba 10. Hekta moja ni matuta kama hayo 1,000. Kwa hiyo tuta moja linastahili mililita moja ya dawa. Kifuniko cha chupa ya maji kinabeba mara kadhaa ya hiyo. Mkulima mwenye matuta sita anatakiwa apime mililita sita na kuzigawa sawasawa kwenye maji, na kifaa alicho nacho ni kifuniko. Nani alimwandikia lebo hii? Aliandikiwa mwenye shamba la pamba au kahawa, mwenye trekta na ndoo yenye mistari ya vipimo. Mtu wa matuta sita hakufikiriwa kabisa. Akizidisha dozi mara nne au tano, tunamwita mzembe.

Halafu kuna mchicha wenyewe. Kuanzia kusia mbegu hadi kuvuna ni wiki tatu hadi nne tu, na hiyo ndiyo neema yake kwa maskini. Lakini dawa nyingi zinazotufikia zilitengenezwa kwa mazao yanayokaa shambani miezi, na lebo zake zinataka siku 7 au 14 zipite kati ya kupiga dawa na kuvuna. Viwavi wengi hawaji kwenye mche mdogo. Wanakuja jani likishanenepa, ambapo zimebaki siku chache mchuuzi aje na gunia lake, tena huenda ameshalipia tuta. Dawa ya siku 14 kwenye mboga ya siku 25 haitekelezeki, hata mkulima awe mchamungu kiasi gani. Ukisubiri siku zote hizo, mchicha unatoa maua na hakuna anayeununua. Mkulima anavuna siku ya tatu, na familia inakula jioni ya siku ya tatu.

Sisemi haya ili watu waogope mboga zetu. Mboga za majani ni chakula bora, na wapo wakulima wengi mabondeni wanaopiga dawa kidogo au hawapigi kabisa. Nasema kwamba mfumo wa dawa tulioletewa haukutengenezwa kwa mboga ya majani, na pengo hilo ameachiwa mkulima alizibe kwa mwili wake.

Kuhusu mwili, nendeni mkawaone vijana wa bomba. Hapa bondeni si kila mkulima anapiga dawa mwenyewe. Wapo vijana wenye mabomba ya mgongoni ya lita 16 wanaopita bustani moja hadi nyingine na kulipwa kwa bomba. Mimi napiga dawa mara moja moja, lakini kijana wa bomba anashinda ndani ya dawa, leo kwangu, kesho kwa jirani, keshokutwa ng'ambo ya mto. Bomba likichakaa linavuja kwenye mfuniko na kwenye mpira wa mkono. Maji ya dawa yanashuka mgongoni, yanaingia kwenye mkanda wa suruali, yanafika mapajani. Watu wanadhani hatari kubwa ni kuvuta harufu, kwa hiyo kijana akifunga kitambaa puani anaona amejikinga. Kwa mpiga dawa wa bomba la mgongoni, mlango mkubwa ni ngozi. Ngozi ya sehemu za siri hufyonza sumu haraka kuliko ya mikono, na jasho la joto la Dar es Salaam linaongeza kasi. Nozeli ikiziba, anaifungua na kuipuliza kwa mdomo. Nimeliona hilo mara nyingi mno, na kila ninapomkataza ananijibu, "Mama, nitazibua na nini sasa?" Jibu lake ni la haki. Kijiti kinaharibu tundu, na brashi ndogo ya kuzibulia haiuzwi kwenye duka lililomuuzia dawa.

Akimaliza anasuuza bomba mtoni. Mto Kizinga ndio unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni. Viongozi wa mkoa wanalijua hilo kuliko mimi.

Sisi wanawake ni nadra kubeba bomba, kwa hiyo tukihesabiwa watumiaji wa dawa tunaachwa. Lakini asubuhi ya kuvuna ni sisi tunaoingiza mikono mitupu kwenye majani yaliyopigwa juzi. Ni sisi tunaopalilia tumeinama, na mtoto yuko mgongoni. Nguo za mpiga dawa tunazifua sisi, mara nyingi kwenye beseni moja na nguo za watoto. Mwanamke mjamzito bondeni hapati likizo ya kuacha kugusa majani. Kama kuna utafiti au mafunzo yanapangwa, naomba mhesabu na mikono hii.

Sasa nifike zahanati. Kiangazi kilichopita kijana mmoja wa bomba hapa kwetu alipiga dawa kutwa nzima, bustani baada ya bustani. Jioni alianza kutoka jasho jingi, mate yakamjaa mdomoni, akatapika, misuli ya mikono ikawa inachezacheza yenyewe, na akasema haoni vizuri. Walimkimbiza zahanati. Kwa huku kwetu, mtu akisema kichwa kinauma, anatapika na hana nguvu, anapimwa malaria, na hilo silaumu. Kipimo kikaonyesha hana malaria. Akapewa dawa ya maumivu na maji ya chumvi na sukari, akaambiwa apumzike. Mama yake ndiye aliyesema mwanawe ametoka kupiga dawa. Mhudumu akauliza swali la maana kabisa: dawa gani? Mama akakimbia nyumbani gizani kuleta chupa. Alirudi na kichupa cha maji ya kunywa chenye kimiminika cha njano chini.

Hapakuwa na jina la kusoma. Yule mhudumu alifanya alichoweza, akaandika rufaa, kijana akapelekwa hospitali kubwa na Mungu akamponya. Wapo wasiofika. Na kijana huyo alirudi kwenye bomba, maana hana kazi nyingine.

Dalili zile zina maelezo. Kuna kundi la dawa liitwalo oganofosfati, na ndugu zake kabamati, ambazo ni za kawaida kwenye mboga. Zinazuia kimeng'enya kinachoituliza mishipa ya fahamu baada ya kufanya kazi yake. Kikizuiwa, mishipa inaendelea kupeleka amri bila kukoma: mate, machozi, jasho, kuhara, misuli kutetemeka, mboni za macho kusinyaa, na mwisho kifua kushindwa kupumua. Matibabu yapo. Atropini ni dawa ya zamani inayojulikana kwenye hospitali zote kubwa. Lakini mtoa huduma lazima ajue anatibu nini, na ajue mapema. Anayejua kuangalia mboni za macho na kuuliza "leo umeshika dawa?" anaweza kuokoa maisha hata bila maabara.

Jambo jingine lililoniuma ni kwamba kijana yule, kama mama yake asingetaja kupiga dawa, angeandikwa "homa" na hesabu ingefungwa. Nchini kwetu ushahidi kwamba wakulima wa mboga wanaumwa upo muda mrefu. Utafiti wa wakulima wadogo wa mboga wa Kaskazini mwa Tanzania ulioongozwa na Vera Ngowi na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta asilimia 68 ya waliohojiwa wakisema waliwahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa kama kawaida yao: ngozi kuwasha, kizunguzungu, kichwa kuuma. Ulikuta pia kwamba walikuwa wanabahatisha matumizi kwa sababu huduma ya ugani haikuwafikia. Kwa dunia nzima, watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2020 walifikia watu milioni 385 wanaodhurika kwa ghafla na viuatilifu kila mwaka bila kukusudia. Watu wote hao wako wapi kwenye vitabu vya zahanati zetu? Wamejificha chini ya malaria, homa ya matumbo, na "uchovu".

Waheshimiwa, mtaniambia vifaa vya kujikinga vipo madukani. Naomba mmoja wenu avae ovaroli nzito, glovu za mpira, gambuti, barakoa na miwani, abebe lita 16 mgongoni mwezi wa pili saa nne asubuhi pale bondeni, kisha aje tuzungumze. Dar es Salaam ya kiangazi, mtu aliyevalia nguo ya kawaida tu ameloa jasho. Hili halijasemwa na mimi wa kwanza. Mwongozo wa kimataifa wa usimamizi wa viuatilifu wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na WHO (Shirika la Afya Duniani), katika kifungu cha 3.6, unaelekeza kwamba viuatilifu vinavyohitaji vifaa vya kujikinga visivyovalika kwa raha, vya gharama kubwa au visivyopatikana kwa urahisi viepukwe, hasa kwa wakulima wadogo na wafanyakazi wa nchi za joto. Kwa Kiswahili cha bondeni, kama dawa haiwezi kupigwa kwa usalama na mtu aliyevaa shati na suruali kwenye joto letu, haifai kuuzwa kwake. Mzigo umewekwa kwa anayeruhusu na anayeuza.

Na njia hiyo imewahi kuleta matokeo. Sri Lanka, kuanzia miaka ya 1980 na hasa mwaka 1995 na 1998, waliondoa sokoni hatua kwa hatua viuatilifu vyenye sumu kali zaidi. Vifo vya watu waliojiua, ambavyo wengi wao walitumia dawa za shambani, vilishuka sana katika miaka iliyofuata, na mavuno hayakuporomoka kama ilivyohofiwa. Hawakuwasubiri wakulima wote wapite semina. Walianza na kilichokuwa rafuni.

Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 ndiyo iliyounda TPHPA na kuipa kazi ya kusajili viuatilifu na kuwasimamia wauzaji. Kwa hiyo siombi sheria mpya. Naomba kazi iliyokwisha kuandikwa ifike Mbagala Rangi Tatu, Buguruni, Tegeta na Gongo la Mboto.

Ombi langu la kwanza, ambalo nikipewa moja tu ningelichagua hili, ni kukomesha biashara ya kupima dawa kwenye vichupa. Kiuatilifu kisitoke dukani nje ya chombo chake cha kiwandani chenye lebo. Lakini naomba mnisikilize vizuri hapa: mkipiga marufuku bila kuweka njia mbadala, mtakuwa mmemfungia mkulima mdogo mlango, na biashara itahamia uchochoroni. Watu hawanunui vichupa kwa kupenda hatari. Wananunua kwa sababu chupa ndogo kabisa ya kiwandani ni kubwa kuliko bustani yao na mfuko wao. Kampuni zinazotaka kusajili dawa za mboga ziwekewe sharti la kufungasha pakiti ndogo za bomba moja, zilizofungwa kiwandani, zenye lebo ya Kiswahili na utepe wa rangi, na kipimo kiandikwe kwa bomba la lita 16 na kwa tuta. Viungo vya pilau na sabuni vinafungashwa vya shilingi mia mbili nchi nzima. Dawa ya bomba moja inawezekana, tena mkulima atalipia kile tu anachokihitaji na hatabakiwa na chupa ya sumu uvunguni.

Pamoja na hilo, iwepo orodha fupi ya viuatilifu vilivyoruhusiwa kwa mboga za majani peke yake, vyenye siku chache za kusubiri, na ibandikwe ukutani kwenye kila duka la pembejeo la mkoa huu. Zipo dawa zinazotokana na bakteria aina ya Bacillus thuringiensis zinazoua viwavi na hazimlazimishi mkulima kungoja wiki mbili. Upo mwarobaini, ambao umejaa Dar es Salaam kuliko pengine mti mwingine wowote wa kivuli, na dawa za kiwandani zinazotokana nao zinatengenezwa duniani. Kwa nini dawa hizi huku kwetu hazionekani, na ikionekana moja bei yake inatisha? Kodi na ada za usajili ziangaliwe hapo. Na zile zinazoondolewa duniani zisibaki kwetu hadi mwisho. Klorpirifosi, dawa ambayo wakulima wa mboga wameijua kwa miaka mingi, Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali hatari zinazodumu kwenye mazingira, zilikubaliana kuiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, kukiwa na misamaha kwa baadhi ya matumizi. Tanzania ni mwanachama. Naomba mchicha wa Dar es Salaam usiingizwe kwenye msamaha wowote.

Muuzaji wa duka tumfanye nini? Wapo wanaosema afungiwe. Mimi sioni hivyo. Yule ndiye bwana shamba wetu kwa vitendo, kwa sababu yupo kila siku na yupo karibu. Basi afundishwe kweli, atahiniwe, na akaguliwe bila kutaarifiwa kabla. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi pikipiki kwa maafisa ugani pale Dodoma, na lilikuwa jambo jema. Naomba maafisa ugani wa mjini nao wahesabiwe, wapangiwe mabonde, na ratiba yao ya kufika ibandikwe kwa mtendaji wa kata. Ofisa ugani anayefika kabla ya wadudu ana thamani kuliko anayefika na daftari la takwimu msimu umekwisha.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, maombi yangu ni madogo ya gharama. Kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma na wagonjwa, vya zahanati na vituo vya afya, sumu ya viuatilifu iwe na nafasi yake inayojitegemea, na mgonjwa yeyote kutoka kata zenye bustani aulizwe kazi yake na alichoshika siku hiyo. Vituo vya afya vilivyo karibu na mabonde ya Msimbazi, Kizinga, Mzinga na Mpiji viwe na atropini wakati wote na watu waliofundishwa kuitumia. Vijana wa bomba wapimwe kile kimeng'enya nilichokitaja angalau kila mwaka. Kipimo cha damu kipo, na ndicho kinachoweza kumwambia kijana "pumzika mwezi huu" kabla hajaanguka.

Makopo matupu sitayasemea sana. Wekeni mahali pa kuyakusanya, mtu apewe kitu kidogo akirudisha kopo lililosuuzwa mara tatu na kutobolewa, na mtaona yanavyorudi.

Nina hofu moja na lazima niitoe. Kila mara suala la usafi wa mboga za mabondeni linapoibuka, hutokea sauti ya kusema bustani zifyekwe. Ukifyeka bustani ya Kizinga, mchicha utatoka mbali zaidi, mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu anayepita, umepigwa dawa ile ile kutoka kichupa kile kile, na mtu wa Tandika ataununua ghali na umenyauka. Shirika la Viwango Tanzania ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula tangu mwaka 2019. Lipime mabaki ya dawa kwenye masoko yetu, na majibu yaletwe kwa wakulima kwanza, bonde kwa bonde, ili turekebishe. Tukipewa majibu tutayafanyia kazi. Tukiletewa mapanga na migambo, tutapiga dawa usiku.

Tunaomba majibu ya maandishi kupitia ofisi ya mtendaji wa kata kabla kiangazi kijacho hakijaanza, maana ndipo wadudu wanapozidi na vichupa vinapouzwa zaidi. Na tunaomba mtume wakaguzi kwenye maduka mwezi huu huu. Wakija wasivae sare, wasibebe kamera. Waingie kama mkulima, wapige foleni, waseme "nipimie ya elfu mbili," waone watakachopewa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama mkulima wa mboga,
Bonde la Mto Kizinga, Temeke,
Dar es Salaam.

Nakala: Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Mkemia Mkuu wa Serikali, Wabunge wote wa majimbo ya Dar es Salaam, Wenyeviti wa serikali za mitaa ya mabondeni.